Kulungu akishapigwa, kaeni chini kwanza

Ndugu, umeniuliza nguo na bunduki za kwenda kuwinda kulungu na mkeo, lakini hapo uliposema "mke wangu akimpiga tu tunashuka mbio tumfuate kabla giza halijaingia", simama. Ya nguo na bunduki yatasubiri. Kosa hilo nililifanya mimi hapa Wisconsin, Marekani, kulungu akapotea na nyama yake yote. Aliyenipoteza ni mwindaji mzoefu aliyeniambia damu hufuatwa ikingali moto. Hasira naye sijamaliza, maana maneno hayo anaambiwa kila mgeni na wanyama wanaozea vichakani.

Kulungu mwenye jeraha asipofukuzwa haendi mbali. Hulala kwenye kichaka cha karibu na kufia hapo. Ukimkurupusha, anaweza kumaliza kilomita nzima, na aliyepigwa tumboni hadondoshi damu ya kufuata, kwa sababu mafuta na utumbo huziba tundu.

Kwa hiyo risasi ikitoka, mkeo aangalie saa na asibandue macho pale mnyama aliposimama. Wewe tazama anavyoondoka. Akirusha teke kisha akatimua mbio ameinama, huenda ni moyo au mapafu. Akikunja mgongo na kujivuta polepole, hesabu ni tumbo. Kaeni juu ya ulingo nusu saa nzima, hata mikono ikitetemeka kwa furaha.

Ndipo mshuke hadi pale alipopigwa, pale tu. Funga utepe mtini, chuchumaa, sugua damu kwa vidole. Nyekundu ya kung'aa yenye vipovu ni mapafu: fuateni. Nyekundu iliyoiva, karibu na nyeusi, bila povu, ni ini: rudini mkanywe chai, msubiri masaa 4. Ukiona ujiuji wa kijani au kahawia wenye majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi, ni tumbo: ondokeni kwa kunyata, masaa 8 hadi 12.

Utaniambia mvua inakuja. Itaosha damu, kweli, lakini aliyelala mita 150 mtampata asubuhi kwa kupekua msitu kipande kwa kipande. Aliyefukuzwa humpati. Usiku ukiwa wa joto mnaweza kupoteza sehemu ya nyama, na hiyo bado ni nafuu.

Kufuata damu mwachie mkeo aongoze, windo ni lake. Wewe baki nyuma, weka kipande cha karatasi ya tishu kwenye kila tone, wala msilikanyage. Mkimwona amelala, mwendeeni kwa mgongoni, mguse jicho kwa fimbo ndefu. Aliyekufa macho huwa wazi. Yakiwa yamefumba, bado yu hai.

Nguo: juu ya kiuno, angalau nusu iwe rangi ya chungwa au waridi ya kung'aa, kofia vilevile. Ndiyo sheria ya hapa msimu wa bunduki. Mkimpata, msajilini kwa idara ya maliasili ya jimbo kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata.