Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Limao Inakwenda Wapi?

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Uyole. Nafungasha majani ya chai ya Tukuyu niliyoyatia mafuta ya limao na dondoo la tangawizi. Baada ya miezi miwili ukali wa tangawizi upo ila harufu hakuna, na limao linanuka kama tapentaini. Nasikia ladha hufungiwa ndani ya chembe za unga. Naweza bila kiwanda?
– Mfungashaji, Mbeya

JIBU: Yamekupata mambo mawili tofauti. Harufu ya tangawizi ni mafuta mepesi yanayoruka. Ukali wake ni jinjeroli, ambayo ni nzito na hairuki, ndiyo maana umebaki na kinachowasha koo tu. Limao nalo limeoza kwa hewa: limonini, sehemu kubwa ya mafuta ya limao, imeshikana na oksijeni. Mafuta yaliyofikia hapo usiyafungie, utakuwa unahifadhi tapentaini. Anza na mapya, yaliyokaa gizani kwenye baridi, chupa imejaa hadi shingoni.

Kiwandani, ladha hufungiwa kwa kukausha rojo. Rojo la kilo moja ni maji gramu 600, maltodekstrini (wanga uliovunjwavunjwa) 240, gundi arabiki (utomvu wa mgunga) 80 na mafuta 80. Gundi hulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa. Usiibanie gundi: maltodekstrini hujaza ukuta tu, kinachoshika mafuta ni gundi kwa sababu ya protini kidogo iliyomo. Vyote husagwa pamoja hadi mafuta yachanganyike. Rojo lililosagwa likikaa saa moja kwenye chupa ya kioo na utepe wa mafuta ukajitokeza juu, lisagwe upya. Kisha mashine hulinyunyiza kwenye hewa ya nyuzi 170 hadi 180. Joto hilo linatisha, lakini kila tone hujivika ngozi papo hapo. Maji hupenya na kutoka, molekuli za harufu, kwa ukubwa wake, hubaki ndani. Kuanika rojo hilo kwenye trei si sawa, maana harufu huondoka kabla ngozi haijafunga.

Kwako wewe tunapendekeza beta-siklodekstrini ya daraja la chakula. Ni sukari yenye umbo la pete, na limonini huingia kwenye tundu lake. Chukua gramu 100, maji gramu 50, ukande kwenye kinu. Dondoshea mafuta gramu 10 kidogo kidogo, uendelee kukanda dakika 30 hadi 45. Likiwa gumu mno, ongeza kijiko cha maji. Tandaza jembamba, kausha kwa nyuzi 40 hadi 50, saga, chekecha. Usishawishike kuzidisha mafuta: pete moja hubeba molekuli moja, hivyo hata zikijaa zote gramu 100 hazivuki gramu 12 hivi.

Bana unga kidogo ndani ya karatasi nyeupe. Doa la mafuta likibaki, kuna mafuta yaliyoachwa nje ya pete, na hayo ndiyo yatakayoharibika kwanza.

Kipimo cha unga huu kwa kikombe kisipite gramu 0.1. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO imeweka kikomo cha miligramu 5 za beta-siklodekstrini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 300, yaani vikombe vitatu vya chai yako vinakaribia kabisa kikomo hicho.

Fungasha kwenye foili, si nailoni. Ukija kununua ule unga wa gundi wa kiwandani, jua kwamba pakiti iliyoachwa wazi huvumilia kidogo baridi kavu ya Uyole, lakini Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hunywa unyevu, hushikana madonge, ukuta hulainika na mafuta hutoka. Tena ni laini kiasi cha kupenya vitundu vya mifuko ya chai.

SWALI: Naoka mikate Iringa. Unga wa ladha wa aina hiyo utavumilia tanuri?
– Mwokaji

JIBU: Ule wa gundi hapana. Huyeyuka ukigusa maji ya donge la unga, mafuta yakawa huru kabla hujawasha moto. Wa siklodekstrini huachia polepole zaidi. Ulio bora kwa mkate ni chembe zilizofunikwa kwa mafuta magumu ya mawese yanayoyeyuka karibu na nyuzi 60: hutulia wakati donge linaumuka, zikafunguka tanurini. Zitie mwisho wa kukanda, maana mashine ya kukandia ikizunguka muda mrefu huzipasua.