Kipimo cha Radoni Hakiwekwi Jikoni

Tulipohamia Leadville, mji wa kale wa wachimba madini ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Colorado, watoto wetu watatu tuliwalaza besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Jirani aliponiuliza kama nimepima radoni, nilimjibu kwamba sijasikia harufu yoyote, naye akacheka.

Radoni haina harufu, rangi wala ladha. Ni gesi yenye mionzi inayotokana na urani iliyomo katika miamba na udongo. Nje hutawanyika, lakini ndani ya nyumba hujikusanya. Wakati wa baridi hewa ya moto hupanda na kutokea darini, na nyumba nayo ikavuta hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hukadiria kwamba gesi hii husababisha vifo 21,000 vya saratani ya mapafu nchini humo kila mwaka, na kwa mvutaji wa sigara hatari huwa kubwa zaidi. Kiwango ambacho mamlaka hiyo hushauri nyumba irekebishwe ni pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa, na takriban nusu ya nyumba za Colorado hukizidi.

Nilinunua kikopo cha mkaa maalumu unaonasa gesi hiyo, nikakiweka juu ya friji, dirisha likiwa wazi kwa sababu mke wangu alikuwa akikaanga samaki. Maabara ikajibu 1.9, nami nikalala usingizi mnono kwa miezi minane. Laiti nisingepima kabisa, maana angalau ningebaki na wasiwasi.

Mara ya pili nilisoma maelekezo. Madirisha na milango ya nje tuliifunga kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na tukaendelea hivyo hadi mwisho, isipokuwa kupita tu. Kikopo kilikaa besimenti juu ya stuli, zaidi ya nusu mita kutoka sakafuni, mbali na madirisha. Niliandika saa ya kukifungua na ya kukifunga, kisha nikakimbilia posta siku ileile, kwa sababu nusu ya radoni huisha katika muda usiofika siku nne na bahasha iliyochelewa hupotosha hesabu. Jibu lilikuwa 11.6. Nilirudia, nikapata 10.8.

Fundi mwenye leseni alitoboa sakafu ya zege, akapitisha bomba hadi juu ya paa na kufunga feni inayofanya kazi usiku na mchana. Kwenye bomba kuna mrija wa kioevu chekundu uliopinda: kioevu kikilingana pande zote mbili, feni imekufa. Tulipopima tena tulipata 1.4, na hupima upya kila baada ya miaka miwili.

Kwa wapangaji, tangu Agosti 2023 sheria ya Colorado inamtaka mwenye nyumba akupe maelezo ya radoni kwa maandishi kabla hujatia saini mkataba, yakiwa pamoja na vipimo vilivyowahi kufanywa. Sisi wageni tuna mazoea ya kusaini kila karatasi tunayosogezewa. Hiyo isome, na ukikuta kipimo, uliza kiliwekwa chumba gani.