Skrini za ziada za simulata ya ndege nyumbani: maswali na majibu

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Arusha na Moshi wanaorusha ndege kwenye kompyuta zao. Wote wanataka kutoa vioo vya ala za rubani nje ya picha kuu na kuviweka kwenye skrini zake. Anayeanza tunamshauri aweke skrini moja ndogo kwanza, aizoee, ndipo aongeze ya pili.

Nilinunua splita ya HDMI ili niunganishe skrini mbili ndogo, lakini zote zinaonyesha picha ileile. Nimeuziwa mbovu? (Njiro, Arusha)

Splita yako ni nzima. Kazi yake ni kurudufu picha moja, ndiyo maana inafaa ukumbi wenye TV nyingi zinazoonyesha mechi moja. Kompyuta yako inaziona skrini zote mbili kama moja. Unachohitaji ni kila skrini ipate tundu lake kwenye kadi ya grafiki. Angalia nyuma ya kompyuta: kadi nyingi za mezani zina tundu moja la HDMI na matatu ya DisplayPort. Nunua adapta ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI, na umweleze muuzaji mwelekeo huo, kwa sababu ile ya HDMI kwenda DisplayPort ni kifaa kingine na haifanyi kazi kinyume. Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Kadi nyingi za GeForce hukomea skrini nne kwa wakati mmoja, na ile kubwa imo katika hesabu hiyo.

Mwenye laptopu atumie adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink. Hapo picha hubanwa na prosesa kabla ya kupita kwenye waya, kwa hiyo iwe ya ala tu, isiwe ya mandhari ya nje. Tundu la USB-C nalo lisikudanganye. Mengi ni ya chaji na data tu, hayatoi picha. Soma maelezo ya laptopu yako kabla ya kununua kebo.

Natumia Microsoft Flight Simulator, na ndege yangu ni Cessna Caravan. Vioo vya G1000 (mfumo wa ala za kidijitali za rubani) navitoaje? (Majengo, Moshi)

Umechagua ndege nzuri kwa kazi hii, na ni ileile unayoiona ikitua uwanja wa Kisongo ikitoka Serengeti. Washa betri na avioniksi (vifaa vya elektroniki vya ndege) kwanza, maana ukitoa kioo ndege ikiwa imezimwa utapata dirisha jeusi na kudhani umekosea. Shikilia Alt ya kulia, peleka kishale juu ya kioo unachokitaka, bofya mara moja. Kitajitokeza kama dirisha la pembeni. Liburute hadi skrini ndogo, ulipanue lijae. Rudia kwa kioo cha pili.

Kuna mambo mawili ya kujua mapema. Kwanza, kinachotoka ni kioo kitupu, bila vitufe wala vifundo vyake vya kuzungusha. Utaendelea kuvizungusha kwa kipanya kwenye picha kuu, au uvipangie vitufe vya kibodi. Pili, kazi hii hurudiwa kila unapopakia safari upya, na inachosha haraka. Programu ya bure iitwayo MSFS Pop Out Panel Manager hukumbuka kila kioo kikae wapi na kwa ukubwa gani, na huondoa ule mstari wa juu wa dirisha. Kabla ya kuipanga, weka skrini zote kwenye ukuzaji (Scale) wa asilimia 100 katika mipangilio ya Windows. Skrini moja ikiwa 125 na nyingine 100, madirisha hukaa upande au hubadilika ukubwa.

Kwa wenye X-Plane 12, simulata nyingine, ni rahisi zaidi: bofya kioo ndani ya ndege, kinafunguka kikubwa, kisha bofya alama ndogo ya kukitoa iliyo juu ya dirisha hilo.

Nikitoa vioo vitatu, picha inaanza kukwama. Ninunue kadi mpya? (Sakina, Arusha)

Usinunue kwanza. Kila kioo unachokitoa ni picha nyingine ambayo kadi inapaswa kuichora, mbali na mandhari ya nje, kwa hiyo kupungua kwa fremu (idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde) ni jambo la kutarajiwa. Swali ni zinapungua kiasi gani na kwa sababu ipi. Pima hivi: simama mwanzo wa njia ya kurukia ya uwanja wa Kilimanjaro (KIA), hali ya hewa ileile, saa ileile ya mchana, usome fremu kwa sekunde bila kioo chochote nje, kisha kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Andika namba. Zikishuka kidogo kidogo kwa kila kioo, ni uzito wa kawaida. Zikianguka ghafla kwenye skrini moja maalumu, kagua waya wa skrini hiyo.

Sababu tunayoishuku kabla ya zote ni skrini iliyochomekwa kwenye tundu la madabodi (bodi kuu ya kompyuta) badala ya la kadi. Picha inachorwa na kadi, halafu inabidi inakiliwe kwenda upande wa pili kila fremu. Hamisha kebo zote ziwe kwenye kadi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya grafiki ya simulata, tafuta Glass Cockpit Refresh Rate, uishushe hadi Medium au Low. Sindano na ramani zitasogea kwa mikato zaidi, lakini kwa safari ya kawaida unaweza kuruka nazo bila shida. Mwisho, usiipe ala skrini ya 4K. G1000 halisi ina pikseli 1024 kwa 768 tu.

Kama ndege zako ni za ala za mviringo, njia bora ni Air Manager. Programu hii huchora ala zenyewe kwa kutumia data inayotoka kwenye simulata, hivyo unaweza kuiweka kwenye kompyuta nyingine ya zamani na mzigo ukahamia huko. Unganisha kompyuta hizo mbili kwa kebo ya mtandao, siyo kwa Wi-Fi.

Nina laptopu mbili zilizokufa madabodi. Vioo vyake vinaweza kutumika? (Rau, Moshi)

Ndiyo, na kwa mfuko mdogo hii ndiyo njia tunayoipenda. Fungua fremu, toa kioo, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kwa mfano inayoanza na B156 au LP156. Agiza bodi ya kuendeshea iliyotajwa waziwazi kwa namba hiyo nzima, pamoja na kebo yake. Vioo vya zamani hutumia muunganisho wa aina ya LVDS, vya karibuni eDP, na bodi ya mmoja haiwezi kuendesha mwingine. Usihesabu pini ukaridhika, kwa sababu pini 30 zipo kwenye aina zote mbili.

Bodi ikifika, usiwashe kabla ya kukagua kidude kidogo (jumper) kinachochagua volti za kioo. Kwa vioo vya laptopu kwa kawaida ni 3.3 V. Kikiwa kwenye 5 V au 12 V, kioo kinaweza kuungua palepale. Bodi zenyewe nyingi hutaka chaja ya 12 V. Chaja ya laptopu ya 19 V inaweza kuiua. Na kama kioo chako kina waya mbili nene zinazotoka pembeni, hicho kinatumia taa ya mirija, siyo LED. Waya hizo hubeba mamia ya volti, basi hicho kiache.

Nimenunua skrini ya inchi 10.1. Ubao nikate tundu la ukubwa gani? (Moshono, Arusha)

Kioo halisi cha G1000 ni inchi 10.4 kwa uwiano wa 4:3, yaani takribani milimita 211 kwa 158. Skrini yako yenye pikseli 1280 kwa 800 ina upana wa takribani milimita 217 na kimo cha 136. Ukitaka uwiano usipotoke, picha itakuwa 181 kwa 136, na pembeni zitabaki milimita 18 kila upande. Kata tundu la 179 kwa 134 kwenye plaiwudi ya milimita 6, ili ubao ufunike kingo. Pima skrini uliyonayo mkononi kabla ya kukata. Nyuma pabaki wazi, joto litoke.

Skrini zangu za USB zinawaka na kuzima, na umeme ukikatika kila kitu kinavurugika. (Soweto, Moshi)

Ni matatizo mawili tofauti. Tundu la USB 2.0 hutoa 500 mA na la USB 3.0 hutoa 900 mA, ilhali skrini ya inchi 10 inaweza kutaka zaidi ya 1 A. Ipe chaja yake ya 5 V, 2 A. Kuhusu umeme, jumlisha wati: kompyuta 350, monita kubwa 25, skrini tatu ndogo 30, jumla 405. UPS (betri ya akiba) za 1000 VA nyingi hubeba wati 600, inatosha kwa dakika chache za kuhifadhi safari na kuzima. Chomeka skrini ndogo nazo kwenye UPS, maana ikizimika moja tu, Windows hupanga madirisha upya.

Nikigusa skrini ya kulia, kishale kinaruka kwenye skrini kuu. (Kijenge, Arusha)

Windows haijui mguso ni wa skrini ipi. Fungua Control Panel, kisha Tablet PC Settings, bonyeza Setup. Skrini moja itageuka nyeupe yenye maandishi. Kama ndiyo ya kugusa, iguse, kama siyo bonyeza Enter uende inayofuata. Ukihamishia waya wa USB wa mguso kwenye tundu lingine, huenda ukalazimika kurudia.