Kilo hazishuki na dawa ya thairoidi unameza

Dada wa Igoma, umeuliza mbona huu mwezi wa tatu unameza levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni (thairoidi) iliyolegea, na kilo hazishuki. Pole sana. Anza na namna unavyoimeza. Kidonge hicho kinataka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kunywa chai. Ukikishushia chai ya maziwa, kalsiamu inakishika tumboni na sehemu yake inapita bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu navyo vikae mbali, saa 4 baadaye. Ukisharekebisha, pima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima mapema, majibu yatakupotosha.

Tezi iliyolegea kwa kawaida huongeza kilo chache tu, na nyingi ni maji na chumvi. Zilizobaki zimo sahanini. Sato mchemshe au mchome, asiogelee kwenye mafuta. Ugali uwe kama ngumi yako, mboga nusu sahani. Dagaa ni wazuri, ila mafuta ya kuwakaangia pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Tafadhali usijiongezee dozi ili upungue haraka: moyo utakwenda mbio, na mifupa itadhoofika.