Barua kwa mwanangu anayetaka duka la vitabu

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Goti la babako linamsumbua, na yeye kama kawaida yake anasema halimsumbui. Ujumbe wako nilimsomea, kisha nikausoma tena peke yangu usiku. Unauliza kama mtu wa kuja, katika mji ambao hata bado unajifunza majina ya mitaa yake, anaweza kufungua duka la vitabu la watu wote na wenyeji wakalikubali, au watasema umekuja kuwafundisha kusoma.

Kwa hilo la wenyeji sina wasiwasi sana. Sylvia Beach alikuwa Mmarekani. Mwaka 1919 akafungua duka la vitabu vya Kiingereza katikati ya Paris, mji wa Wafaransa, na aliyemshika mkono alikuwa Mfaransa, Adrienne Monnier, ambaye mwenyewe alikuwa na duka lake la vitabu tangu 1915. Angeweza kumwona mshindani, hakumwona hivyo. John La Rose alitoka Trinidad, akafika London mwaka 1961, na mwaka 1966 yeye na Sarah White wakaanzisha New Beacon Books, wakawa wanachapa na kuuza vitabu vya watu Weusi ambavyo maduka mengine hayakuhangaika navyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga walishalimaliza hilo, mimi niongeze nini?

Linalonikaa rohoni ni jingine. Nani atakaa kwenye kile kiti nyuma ya kaunta, na ataamka kwa ajili ya nani? Umenieleza rangi ya kuta, kona ya watoto, maandishi ya "karibuni nyote" kwenye kioo. Vizuri. Lakini duka ni yule anayeinuka kitini. Nimelisema hili tangu mkiwa wadogo, kaka yako sasa hunimalizia kabla sijafika mwisho, na bado nitalisema.

Sidhani kama niliwahi kukusimulia yote kuhusu yule bwana wa kitambaa. Babako anaijua nusu. Nilikuwa msichana, nimetumwa daftari na kalamu, hela nimeifumbata mpaka imelowa jasho. Mbele ya duka waliweka vitabu vya hadithi, na kimoja kilikuwa na mashua kwenye jalada, imeinama upande mmoja kama inataka kuzama. Nikakichukua. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikageuza wa pili. Yule bwana hakunikemea. Ndiyo maana hainitoki, maana angenikemea ningemjibu, unanijua. Alikuja taratibu, akakitoa mkononi mwangu kwa vidole viwili, akachomoa kitambaa mfukoni, akapangusa jalada pale pale kidole gumba changu kilipokuwa. Akageuza akapangusa na nyuma. Akakirudisha, akakisawazisha na vingine kwa ncha ya kidole. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Binti, umetumwa nini?"

Hatua mbili kutoka pale alisimama mtu mzima mwenye suti, anafunua majarida moja baada ya jingine, na kila ukurasa analamba kidole kwanza. Kitambaa hakikufika kwake.

Sasa najua utakachosema: mama, lakini na yeye aliinuka. Ndiyo, aliinuka. Nimelifikiria sana hilo. Kuna kuinuka kumpokea mtu na kuna kuinuka kumtoa, na mtoto wa umri ule anazijua zote mbili kabla mtu hajafungua mdomo.

Baadaye nikaja kufanya kazi kwa mchapishaji, ghalani, ile miaka mliyokuwa mnalala kwa bibi yenu. Kazi yangu ilikuwa marejesho. Vitabu si kama sabuni: muuzaji anaweza kuvichukua mali kauli, au akavinunua kwa makubaliano kwamba visipouzika atavirudisha. Basi vinarudi maboksi kwa maboksi, na kuna mtu wa kuvikagua kimoja kimoja. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kona iliyokunjika, mgongo uliovunjika, alama ya kidole kwenye karatasi nyeupe: hicho hakipokelewi, kinarudi kwa mwenye duka na hasara ni yake. Nilivikataa vingi. Kila nilipokuta alama ya kidole nilitaka kujua ni nani aliyekuwa anasoma, na alifika ukurasa wa ngapi kabla hajanyang'anywa.

Huko ghalani ndiko nilikoanza kumwelewa yule bwana, jambo ambalo sikulitafuta. Alikuwa na pango la kulipa. Pengine mwezi uliopita alirudishiwa boksi zima. Sijamsamehe, lakini hesabu zake nazijua, na wewe zijue kabla hujapaka rangi hata ukuta mmoja. Katika masoko makubwa ya vitabu punguzo la mwenye duka huzunguka asilimia 40 ya bei iliyochapwa, na humo ndani mna pango, umeme, mshahara, usafirishaji na vile vitakavyoibwa. Wakubwa hupata punguzo zuri zaidi, na kitabu kinachotamba wanaweza kukiuza kwa bei ambayo wewe hukipati hata kwa jumla. Ufaransa waliliona hilo wakatunga sheria mwaka 1981: kitabu kipya hakipunguzwi bei zaidi ya asilimia 5, awe anayeuza ni duka la pembeni au kampuni kubwa. Uingereza walikuwa na makubaliano ya bei tangu 1900, yakavunjika miaka ya 1990, na maduka makubwa ya vyakula yakaanza kurundika vitabu vinavyotamba karibu na maziwa. Uliza nchi uliyopo iko upande gani. Hilo ni muhimu kuliko kona ya watoto, samahani.

Ila usije ukanielewa kwamba nakwambia ununue kitambaa. Kule kwa Sylvia Beach wengi hawakuwa wanunuzi, walikuwa waazimaji. Walilipa ada, wakachukua kitabu, wakarudisha. Miaka ya 1930 hali ilipokuwa mbaya, waandishi akiwemo André Gide wakahimizana, watu wakalipa ada ya mwaka ili duka lisifungwe, na waandishi wakawa wanakuja kuwasomea. Waliokuwa wakishika bila kununua ndio waliolibeba. (Lilifungwa mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, lakini hapo ada ingefanya nini?) Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya: katika vitabu unavyoagiza, vile unavyovipenda hasa, nakala moja iwe ya kushikwa. Ilipie moja kwa moja, iandike juu kwamba ni ya kusomwa hapa, usiihesabu kwenye marejesho. Ichafuke mpaka iishe.

Babako anasema kwa mwendo huo mtaji utakwisha kabla ya mvua. Huenda ana haki. Duka la mtu mkarimu likishafungwa halimkaribishi yeyote. Lakini na duka la kitambaa nalo, tuseme ukweli, lilikuwa wazi kila siku na mimi sikurudi tena. Nilikuwa natumwa kule, napitiliza, naenda mbali zaidi kununua daftari lile lile.

Na hiyo "nyote" ya kwenye kioo, ijaribu kwa watu unaowajua. Babako na goti lake, kizingiti cha mlango wako kina urefu gani? Mjomba wako na kiti chake cha magurudumu, atapita kati ya rafu au ataegeshwa mlangoni atazame kwa mbali? Kuna kitabu cha herufi kubwa, kuna cha nukta nundu, au angalau kuna mtu anayejua kukiagiza? Kuna lugha za watu wengine waliohamia hapo kama wewe? Ninayemfikiria zaidi ni shangazi yako. Hajui kusoma, unajua, na anajua hadithi kuliko sisi sote. Akiingia akakaa, akaangalia picha, ataulizwa ametumwa nini? Na yule wa upande wa pili, anayechukizwa na nusu ya rafu zako na anataka kukwambia kwa sauti, huyo naye utamwinukia? Sina jibu la huyo. Mimi nisingeweza, lakini wewe una moyo wa babako.

Sasa unasubiri niseme fungua. Au unasubiri niseme usifungue, upate hasira ya kufungulia. Sisemi. Neno ninalo, lipo hapa kwenye ulimi, na babako ananitazama kama mtu anayengoja lidondoke. Ningekuwa na umri wako… hapana, nimesema sisemi. Fedha ni zako na mji sasa ni wako.

Ila mkataba wa pango usiutie saini kabla hujaupiga picha ukatutumia. Kurasa zote, hata zile zenye maandishi madogo. Nataka kuona kodi inapandaje kila mwaka, na paa likivuja anatengeneza nani. Na kizingiti kipime kweli, usikadirie kwa jicho.

Mama yako