Janga likija, anayeuza mtandaoni anafaidika? Jibu la aliyekuwa anauza Insta mwaka 2020

Wakuu, salamu.

Kwa wanaoanzia hapa: mleta uzi ana milioni tatu mkononi, hajui apange fremu ya duka Sinza au auze mtandaoni peke yake. Ameegemea mtandaoni kwa hoja moja, kwamba likija janga lingine kama korona watu watajifungia ndani, watanunua kwa simu, na mwenye fremu atalia. Anauliza pia kama aanze mapema kuweka barakoa na vitakasa mikono stoo. Wachangiaji wengi huko juu wamempigia makofi.

Mimi nimeuza Insta na WhatsApp tangu kabla ya korona, hapa hapa Dar: mabegi ya kike, nguo za watoto na vyombo vidogo vya jikoni. Mzigo mwingine wa China, mwingine wa Kariakoo. Nimeuza 2020 yote na 2021 yote, na bado nauza. Hiyo hesabu ya mleta uzi naona ina tobo, na tobo lenyewe liko upande wa mfuko wa mteja.

Kwanza tujue hadithi hii imetoka wapi. Imetoka Marekani na Ulaya. Kule mauzo ya mtandaoni yalipanda kweli. Marekani yalifika kama asilimia 16 ya mauzo yote ya rejareja katikati ya 2020, kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Lakini mtu wa kule alifungiwa ndani, haendi mgahawani, hasafiri, halafu serikali ikamtumia dola 1,200. Hiyo hela lazima iangukie kwenye kitu. Na hata kule si kila muuzaji alicheka. Machi 17, 2020 Amazon, soko lao kubwa la mtandaoni, walitangaza kwamba maghala yao yatapokea vitu vya lazima tu, vya dawa, usafi na chakula, mpaka mwanzoni mwa Aprili. Mtu mwenye viatu au mikoba akawa anatazama mzigo wake ghalani unapungua na hana ruhusa ya kuongeza mwingine. Kwa hiyo hata huko palipokuwa na neema, ilitegemea unauza nini.

Sasa rudi kwetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Lakini hatukufungiwa ndani. Kariakoo ilikuwa wazi, daladala zilitembea, ila abiria wote wameketi. Hakuna aliyelazimika kununua kwa simu. Halafu tukumbuke hatukuwa hata na soko kubwa la mtandaoni la kukimbilia, maana Jumia walikuwa wamefunga Tanzania tangu Novemba 2019. Tulibaki sisi wa kurasa za Insta, magrupu ya WhatsApp na bodaboda. Kama hoja ya mleta uzi ni sahihi, mauzo yangu yalitakiwa yabaki palepale au yapande kidogo kwa watu wanaoogopa msongamano wa Kariakoo. Aprili ile niliuza kidogo kuliko mwezi wowote ninaoukumbuka, na wengi niliokuwa nao kwenye grupu la wauzaji walisema hivyohivyo.

Nitatoa mfano wa mteja mmoja. Mama mmoja wa Arusha, mumewe dereva wa watalii, alikuwa mteja wangu wa kudumu. Februari aliagiza blenda na begi, akatanguliza nusu. Aprili akaniandikia usiku: "Samahani dada, naomba nirudishie ile hela, baba amesimamishwa kampuni nzima." Nikamrudishia. Baada ya hapo sikumuona tena kwenye ukurasa wangu kwa muda mrefu sana. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, 2020 walikuja kama laki sita na ushee. Nyuma ya kila mtalii asiyekuja kuna dereva, mpishi, mfua mashuka wa hoteli ya Zanzibar, na wake zao ndio waliokuwa wananunua mabegi kwangu. Ugonjwa wenyewe huenda haukugonga mlango wao kabisa. Kipato kiligongwa.

Ukitaka kuona matumizi ya watu yanavyobadilika, soma meseji za wateja. Kabla, swali lilikuwa "mnapatikana wapi?" na "nyeusi ipo?" Mwishoni mwa Machi likawa "unaleta mpaka mlangoni?" Hapo nilifurahi, nikajua mambo yamenyooka. Wiki chache baadaye likawa "naweza kulipa mdogo mdogo?" na "niwekee, mwisho wa mwezi nitakuja." Walioniambia niwawekee ndio walionimaliza, maana mzigo wa kuwekewa ni mzigo uliolala. Michango ya harusi ikasimama, na harusi zikisimama usitegemee mkoba wa sherehe, kiatu wala saa. Nguo za kutokea zikalala kabatini.

Vilivyokwenda ni vya ndani. Madera, pajama za watoto waliokuwa nyumbani wanazisaga nguo sakafuni, vifaa vya kuokea keki, mashine za kukamulia limau. Tangawizi na malimau yenyewe yalipanda bei sokoni mpaka watu wakawa wanapigana vikumbo, ila hayo hayakuwa yangu. Masufuria makubwa yaliondoka kuliko nilivyotegemea, na sikuelewa sababu mpaka mteja mmoja aliponiuliza kama sufuria fulani linatosha nyungu ya watu wawili.

Usafirishaji nao ulikuwa na vituko vyake. Mteja mmoja wa Mbezi Beach alimwambia bodaboda aweke mfuko juu ya ukuta, arudi nyuma, ndipo akatoka na chupa ya kupulizia yenye maji ya Jik akaunyeshea mfuko wote. Mfuko ulikuwa wa karatasi. Ndani mna gauni la bluu iliyokoza. Jioni akanitumia picha, gauni limejaa madoa meupe kama kuku kanga, na anataka abadilishiwe. Tulivutana siku nzima. Mwishowe tukagawana hasara, na tangu hapo nguo zote nafunga kwenye nailoni kabla ya mfuko, janga liwepo lisiwepo.

Ila hayo yote ni madogo. Kilichotupiga zaidi ni mzigo, na hapa naomba mleta uzi asome polepole, kwa sababu ndipo milioni tatu yake itakapozama.

Kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar, korona haikuanza Machi. Ilianza Januari. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Sisi wa mizigo tunaijua ile likizo. Kila mwaka viwanda vinafunga, usipoagiza mapema unakaa mikono mitupu mpaka Februari. Mwaka ule likizo ikaongezwa, wafanyakazi waliokwenda vijijini wakashindwa kurudi, barabara zimefungwa. Muuzaji wangu wa Guangzhou akawa kimya WeChat, ile WhatsApp ya Wachina. Kwa hiyo wakati huku watu bado wanaitania korona mitandaoni, mimi nilikuwa tayari nina oda zilizolipiwa na mzigo sina.

Machi viwanda vikaanza kufunguka, na cha kwanza alichonitumia yule bwana hakikuwa habari za mabegi yangu. Ilikuwa picha ya maboksi: "Rafiki, unahitaji barakoa?" Nilicheka peke yangu. Na sasa viwanda vinafanya kazi, njia ndizo zikafunga. Watu wengi hawajui kwamba mzigo wa ndege kwa sehemu kubwa unapandishwa kwenye tumbo la ndege za abiria. Shirika la ndege la Emirates walisimamisha safari za abiria Machi 25. Sisi wenyewe tulisimamisha ndege za abiria za kimataifa Aprili 12, tukafungua Mei 18. Abiria wakiondoka na tumbo la ndege linaondoka, zinabaki ndege za mizigo pekee, ambazo kila mtu duniani anazigombania apakie barakoa na vifaa vya hospitali. Bei ya kilo ikapandishwa, ikapandishwa tena. Ajenti wangu wa kago wa wakati huo, jina naliacha, alichukua hela ya kilo kwa bei ya zamani, mzigo ulipofika akadai nyongeza, na asiyelipa mzigo wake unakaa stoo unahesabiwa siku. Nililipa. Ungefanyaje? Wenye mzigo ni wateja, na jina kwenye ukurasa ni langu.

Hapo ndipo oda za kulipia kabla zilipovunjika. Mfumo mzima wa sisi wenye mitaji midogo ulisimama juu ya hizo: unaposti picha, mteja analipa nusu, unaagiza kwa hela yake, mzigo unafika, anamalizia. Ukichelewa wiki mbili anakusema kwenye maoni. Ukichelewa miezi miwili anakuita tapeli, na anawaita na wenzake. Kurasa kadhaa nilizozifahamu zilifungwa kwa namna hiyo, wenyewe hawakuiba hata senti, hela ilikuwa China kwenye ghala. Wateja waliochomwa mwaka ule, wengi mpaka leo hawalipi kabla kwa mtu wasiyemjua. Ukifungua ukurasa mpya sasa hivi utakutana na huo ugumu, na hautajua umetoka wapi.

Wale wanaochukua Kariakoo nao wasidhani walipona. Kariakoo inakula mzigo uleule. Unaposti leo begi kwa bei ya jumla uliyopewa asubuhi, mteja analipa jioni, kesho unakwenda dukani unaambiwa limebaki moja na bei imebadilika. Unalifanyia hasara au unamrudishia hela na makato ya muamala juu yako.

Kitu kingine ambacho sijaona mtu amekigusa kwenye huu uzi: janga linaongeza wauzaji haraka kuliko linavyoongeza wanunuzi. Shule zilipofungwa Machi, shule binafsi nyingi mishahara ikakata. Mwalimu wa mwanangu akaanza kuweka stetasi za sabuni ya maji. Jirani aliyekuwa hotelini akaleta dagaa wa Mwanza. Dada wa saluni, unga wa lishe. Simu ni ileile na bando ni lilelile, hakuna kodi ya fremu, basi kila aliyepoteza kazi akawa duka. Siwalaumu, nami ningefanya hivyo. Lakini kila stetasi unayofungua inauza, na mnunuzi ni yuleyule mmoja, hela yake imepungua. Hizi habari za "fursa ya janga" hazihesabu hilo.

Juni 2020 vyuo vikafunguliwa, mwisho wa mwezi shule zote, watu wakachangamka upesi. Nguo za watoto zikaondoka vizuri sana. Nikasema tumevuka. Kumbe 2021 ilikuwa na yake. Mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na ile hali iliyoitwa changamoto ya upumuaji. Hakuna aliyetangaza kusimama biashara, ila wateja walipungua kimyakimya, kila mtu ana msiba. Halafu meli. Meli inayoleta mzigo wetu kutoka China haipiti mfereji wa Suez, lakini ile meli kubwa ya makontena, Ever Given, ilipokwama pale Machi 2021 makontena yaliyokuwa tayari adimu yakazidi kuadimika dunia nzima. Mwishoni mwa Mei bandari ya Yantian, Shenzhen, ikapunguza kazi kwa karibu mwezi kwa sababu ya maambukizi, na mzigo wa Guangdong ndiko unakotokea. Kufika Septemba, wastani wa kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia ulikuwa umevuka dola 10,000. Kabla ya janga ulikuwa chini ya 2,000. Sufuria ni kitu cha kujaza nafasi na hakina faida kubwa. Piga mwenyewe hesabu ya nauli yake.

Katikati ya hayo, Julai 15, 2021 zikaanza tozo za miamala ya simu. Baadaye zilipunguzwa, lakini kwa miezi ile wateja walikataa kutuma hela, wakataka kumpa bodaboda taslimu. Wenzetu Kenya 2020 walifutiwa ada za M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 za kwao mpaka mwisho wa mwaka, kitu kilichomsaidia muuzaji mdogo waziwazi. Janga ni lilelile, mpaka ni mmoja tu kati yetu, na biashara ya mtandaoni ikaenda tofauti. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia "janga linafanya hivi" bila kutaja ni nchi gani na serikali ilifanya nini.

Basi mleta uzi, fremu Sinza usipange, hapo nakubaliana na wenzangu, ila kwa sababu ya kodi, si kwa sababu ya janga. Milioni tatu ningeigawa hivi: nusu iwe mzigo wa Kariakoo unaouzika ndani ya wiki, vitu vya watoto na vya jikoni, hakuna mikoba ya sherehe mpaka ukurasa uwe na wateja wake. Iliyobaki isiguse meli mwaka wa kwanza. Ikae kwenye simu kwa ajili ya nauli, kurudishia wateja, na siku bei ya jumla itakapobadilika mchana. Oda za kulipia kabla pokea kwa mteja aliyekwishanunua kwako angalau mara moja, na usimtajie tarehe ya kufika mzigo. Mwambie ukishatoka bandarini utampigia.

Na hizo barakoa, usithubutu. Walionunua maboksi Machi 2020 kwa bei ya kuruka, Mei walikuwa wanazigawa bure, kwa sababu kila fundi cherehani mtaani alikuwa anashona za vitenge na anauza jero, yaani mia tano. Vitakasa mikono navyo vina tarehe ya kuisha. Ukiwa na nafasi ya bure stoo, weka masufuria.