Jibu: O2 ina atomi mbili, mbona si kampaundi?

Habari ndugu. Nimeelewa ulipokwama: O2 (oksijeni) ina atomi mbili zilizoungana, H2O (maji) ina tatu, lakini ya kwanza inaitwa elementi na ya pili kampaundi. Hata mimi swali hilo liliwahi kuninyima alama, maana nilikuwa nahesabu atomi.

Usihesabu atomi, hesabu aina zake: aina moja tu ni elementi, aina mbili au zaidi zilizoungana ni kampaundi. Kwenye fomula, kila herufi kubwa huanzisha alama ya elementi, kwa hiyo anza kuangalia hapo. O2 ina alama ya aina moja tu, basi ni elementi. H2O ina H na O, basi ni kampaundi. Hata S8, yaani salfa yenye atomi nane kwenye molekuli moja, inabaki kuwa elementi.

Jihadhari na Co na CO. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Mwandiko mbaya hapo unakuponza bure!

Nadhani kinachokuchanganya hasa ni neno molekuli. Molekuli ni atomi zilizoungana, ziwe za aina moja au tofauti. O2 ni molekuli ya elementi, H2O ni molekuli ya kampaundi. Halafu kuna chumvi, NaCl: ni kampaundi ila haina molekuli, ni ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi zilizopangana kwa zamu.

Sijui mwalimu wako anataka maelezo marefu kiasi gani. Mimi ningeandika tu: "O2 ina atomi za aina moja."